Mifupa Arobaini Isiyonuka

Ninaandika haya mkono mmoja ukiwa juu ya mkate, na kwetu mtu akiapa kwa mkate kisha akadanganya, tonge linalofuata humkaba. Kwa hiyo kila neno humu ni kweli tupu. Najua wanaonifahamu wamekwisha kucheka, kwa sababu mimi ndiye yule Kalmurza aliyewaambia watu harusini kwamba alimpanda mbwa mwitu kutoka Naryn mpaka Bishkek, akashuka njiani kwa kumhurumia. Hilo lilikuwa la kuchangamsha meza. Hili ni la kutapisha. Kama unakula, maliza kwanza.

Nilikuwa mtunza maabara kwa miaka thelathini na mmoja katika idara ya uhandisi tiba. Shule niliiacha darasa la nane, lakini kila nilipomaliza kufuta ubao nilikuwa nakaa kiti cha nyuma kabisa na kusikiliza, na hakuna aliyenifukuza. Ndiyo maana leo naweza kukueleza kwa nini mfupa wa paja unavunjika hivi na haukuvunjika vile, na daktari mzima akakosa la kujibu. Yote niliyapata kwa Profesa Burulkan Satarovna.

Huyu mama ni mfupi, mwembamba, na miwani yake ameifunga kwa kamba ya viatu. Kazi yake ya maisha ni kujua mfupa unavumilia uzito gani, unapinda kiasi gani kabla haujapasuka, na ufa unapita njia ipi ukishaanza. Anatafuta namna ya kutengeneza vyuma vya kuwaunga watu wetu wanaoangushwa na farasi, maana vyuma vinavyoletwa, anasema, vimepimwa kwa watu wanaoanguka kutoka kwenye kochi.

Somo lake la kwanza kwa wanafunzi wapya halina ubao wala chaki. Anaweka juu ya meza fupa la paja la kondoo aliyechinjwa asubuhi ile, lina damu, lina utando, lina vipande vya nyama vilivyoanza kuwa kijivu, halafu anasema, "Nuseni."

Wanatazamana.

"Chuma hakiozi," anawaambia. "Zege halinuki. Nyinyi mmechagua kitu kinachooza. Asiyeweza kukinusa, ghorofa ya pili kuna idara ya madaraja, wana viti vizuri."

Wakishanusa, na wakisharudi waliokimbilia chooni, ndipo anafundisha. Mfupa, anasema, umejengwa kwa vitu viwili. Kuna chokaa, hiyo inaufanya mgumu. Na kuna nyuzi nyembamba zilizofumwa ndani ya chokaa, hizo zinaufanya usikatike ovyo. Ondoa chokaa, utaukunja mfupa kama mpira. Ondoa nyuzi, mfupa utapasuka kama kigae. "Mtu akianguka na farasi," anamalizia, "ni nyuzi zinazoamua kama atainuka."

Niliyasikia hayo mara thelathini na moja. Na mara thelathini na moja nilipumua kwa mdomo.

Sasa niseme jambo ambalo Mkirgizi, mtu wa kondoo tangu kuzaliwa, hapaswi kulisema. Mfupa mbichi unanitia kinyaa. Uliopikwa, niletee, nitaulamba mpaka ung'ae. Lakini ule mbichi! Ule utelezi! Ule utando unaonasa kwenye kucha ukadhani unavua soksi ya maiti! Mashine ya kusagia ikianza kuukata, chumba kizima kinajaa harufu ya nywele zilizoungua na siagi iliyochacha, na unga wake mweupe unakuingia puani, jioni ukipenga kamasi unampenga kondoo. Mwaka mmoja, Julai, umeme ulikatika siku tatu, na jokofu la kugandishia lilikuwa na mapaja sabini. Nilipoufungua mlango, ile harufu haikutoka, ilitembea. Ilinisukuma kifuani nikakaa chini. Mabuu yalikuwa makubwa kiasi kwamba moja lilinitazama. Nimeshika mkate, nasema kweli.

Basi, nikastaafu. Nikafurahi wiki mbili. Halafu nikaanza kuota ukungu, mgane peke yake na balkoni yake. Ndipo Profesa akanipigia simu.

"Kaka Kalmurza, bado una miguu?"

"Miwili, Burulkan Satarovna."

"Nina mwanafunzi wa uzamili, anaitwa Jypar. Anahitaji mapaja arobaini ya kondoo wa miaka miwili. Machinjio wamekubali kutupa bure, ila lazima mtu ayachukue siku ileile, ayakwangue, ayafunge kwa shashi iliyolowa maji ya chumvi, ayagandishe. Mimi naenda Almaty kufundisha wiki kumi, sina wa kumwamini zaidi yako."

Ukimwambia mzee kwamba huna wa kumwamini zaidi yake, atakubali hata kubeba lami kwa viganja.

Nikaenda machinjioni Jumatatu. Sitayaeleza yote. Sakafu ilikuwa inateleza, na kilichokuwa kinateleza hakikuwa maji. Jamaa mmoja mwenye aproni ngumu kama bati alikuwa anatafuna kitafunwa huku mkono wa pili uko ndani ya kondoo mpaka kwenye kiwiko. "Chagua, mzee!" akaniita, na akanirushia paja kama mtu anayerusha mpira. Nililidaka kwa kifua. Lilikuwa bado na joto. Unaelewa? Joto, kama mkono wa mtu anayekusalimia.

Nilichukua hilo moja tu nikatoka mbio. Mbwa kumi na mmoja walinifuata mpaka nyumbani, niliwahesabu. Nikaliweka kwenye sinki, nikashika kisu, nikaanza kukwangua. Utando ukanasa kwenye ukucha wa kidole gumba. Nikauvuta, ukarefuka. Nikauvuta tena, ukarefuka zaidi, na ukatoa sauti. Nikatapika juu ya mfupa, nikauosha, nikatapika tena kwa kuuosha. Ilinichukua asubuhi nzima. Niliufunga kwenye shashi, nikaandika namba moja, nikautupa ndani ya jokofu la balkoni.

Bado thelathini na tisa.

Jumamosi yake nilialikwa kwenye arobaini ya jirani. Mimi hualikwa kila mahali, watu wanapenda msiba wenye msemaji. Kondoo watano walikuwa wamepikwa, na nyama ikagawiwa kama inavyogawiwa, kila mtu mfupa wake kwa umri wake. Sisi wazee wa rika langu tukapewa mapaja. Tukatoa visu, tukala. Kwetu ni aibu kuurudisha mfupa una nyama, kwa hiyo kila mzee anaukwangua kutoka kichwani kuja katikati, anaugeuza, anaukwangua tena, mpaka unakuwa mweupe kama jino. Mwisho ikapita mifuko ya nailoni, maana kwetu kila mgeni hubeba makombo yake kwenda nyumbani.

Nikatazama mbele yangu. Juu ya kitambaa cha meza kulikuwa na mapaja sita, safi, yanang'aa, hayana utando, hayana damu. Yananukia kitunguu.

"Wazee wenzangu," nikasema, "msiwape mbwa hayo. Nipeni mimi. Ni kwa ajili ya sayansi."

"Sayansi gani inayokula mifupa?" akauliza mmoja.

"Ya kuwaunga wanaoanguka na farasi."

Wakanipa yote sita, wakaniombea dua na kupitisha viganja usoni. Mpaka leo sijui dua ile ilikwenda wapi.

Katika wiki sita nilikula harusi tatu, arobaini mbili, tohara moja, na sherehe ya mtoto mchanga kulazwa kwa mara ya kwanza kwenye kitanda chake cha kubembea. Nikanenepa. Nilikuwa nayaosha kwa siki, nayafunga kwenye shashi na maji ya chumvi kama nilivyoagizwa, nayaandika namba. Mbili. Saba. Kumi na tisa. Arobaini. Moyoni nilijiambia mfupa ni mfupa. Mtu aliyesikiliza somo lile mara thelathini na moja alijiambia hivyo! Kinyaa kikikushika vizuri kinakufutia hata unachokijua.

Jypar alikuja kuyachukua na begi la barafu. Binti mrefu, macho makavu kwa kutolala, ametokea idara ya madaraja. Alihamia mifupa baada ya kaka yake kuangushwa na farasi na kubaki na mguu mfupi. Alifungua shashi moja, akasogeza pua taratibu, amejikunja tayari kuteseka.

"Babu! Mbona hainuki?"

"Usafi, mwanangu."

"Nilikuwa silali kwa kuogopa harufu. Wenzangu wanasema inakaa kwenye nywele. Hii ni kama... kama sahani zilizooshwa!"

"Mikono ya mzee," nikasema. Na nikajisikia vizuri. Hapo ndipo pa kunitemea mate kama una nafasi.

Wiki tatu baadaye alirudi nyumbani kwangu, amekumbatia daftari. Nilimkaribisha chai, akainywa huku analia.

"Babu, nimekata vipande vyote, nimeviweka kwenye mashine, mhimili huku, mhimili huku, tunabonyeza katikati. Mfupa namba moja ulipinda, ukapinda, ndipo ukapasuka, kama vitabu vinavyosema. Mingine thelathini na tisa haipindi. Pa! Kama kigae. Nimerudia kila kipande kilichobaki. Pa! Pa!"

Niliusogeza mlango wa balkoni ufunge, siki ilikuwa bado inanuka huko.

"Labda mashine," nikasema.

"Mashine nimeipima mara nne. Babu, naitetea tasnifu baada ya wiki mbili. Nikipeleka namba hizi, baraza watasema nimezibuni. Unamkumbuka yule Esen?"

Nani asiyemkumbuka. Esen alibuni namba za mifupa ambayo hakuipima. Profesa aliichukua tasnifu yake kwa koleo tunalookotea masalia, mbele ya darasa zima, akaidumbukiza kwenye ndoo ya mifupa iliyooza, na Esen akafutwa chuo siku hiyohiyo. "Mfupa uliooza tukinawa unatoka," alisema Profesa. "Namba iliyobuniwa inaingia mwilini mwa mtu na skrubu."

Ilikuwa saa ya kusema. Maneno yalikuwa tayari: mwanangu, ile ni mifupa ya karamu. Nikafungua mdomo. Na mdomo huu, ambao haujawahi kunitii tangu nizaliwe, ukasema:

"Ah! Basi watakuwa ni kondoo wa Dootaly."

"Dootaly ni nani?"

"Shemeji yangu, kamuoa dada yangu. Analisha kondoo kwenye bonde la Suusamyr. Machinjio walipokea kundi lake msimu huu. Wewe hukusikia habari za chemchemi ile? Maji yake meupe kama maziwa. Kondoo akinywa majira mawili, mifupa inakuwa sukari. Mwaka jana dume lake moja lilipiga chafya, mbavu mbili zikakatika. Dootaly hawaswagi kwa mjeledi wale, anawaomba."

Jypar alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ameshika kalamu.

"Majira mawili?" akauliza. "Maji meupe? Yana ladha gani?"

"Ya chaki," nikasema.

Akaandika chaki. Nilimtazama akiandika. Nilimwongezea chai.

Ile chafya hakuiweka, ana akili. Lakini chemchemi aliiweka, sura ya nne, kurasa kumi na moja, na mchoro. Profesa alirudi kutoka Almaty, akaisoma kwa siku moja, akaniita ofisini. Alikuwa amevaa miwani yake ya kamba na mbele yake kulikuwa na ile sura ya nne.

"Kaka Kalmurza, chemchemi hii umeiona kwa macho yako?"

"Nimeinywa."

"Na bado unatembea."

"Mimi nilikunywa kidogo."

Hakucheka. "Baraza wamesoma. Wanasema ama ni ugunduzi mkubwa ama ni Esen wa pili. Wametupa mpaka wiki ijayo: kundi lionekane, au Jypar aondolewe. Jumatano tunakwenda Suusamyr, wewe mbele uonyeshe njia."

Nilimwambia goti linauma. Akasema nitakaa kwenye gari. Nilimwambia barabara imebomoka. Akasema imetengenezwa. Nilimwambia Dootaly amehamia China. Akasema, "Na kondoo?"

Jumatano tukapanda milima. Gari ilikuwa ya idara, ile iliyobeba mifupa miaka yote. Viti vyake vina doa lisilokauka na harufu ambayo kipupwe hakiiui wala kiangazi. Jypar alikuwa nyuma amelaza kichwa kwenye kioo, mapajani ana chupa sita tupu zilizochemshwa, za kuchukulia maji ya chemchemi, kila moja ina karatasi yake, ameandika kwa mwandiko mzuri. Nilitapika mara mbili kabla ya handaki linalotoboa mlima na mara moja ndani yake. Baada ya mara ya tatu alinishikilia bega, akanipa kitambaa chake cha mkononi. "Pole, babu. Unateseka kwa ajili yangu." Nilitapika ya nne.

Dootaly alikuwa mbele ya hema lake anamkama farasi jike. Ni mtu wa kilo mia na kumi, na sauti yake ni ya mtu anayezungumza na upande wa pili wa bonde. Nilijaribu kumkonyeza. Macho yake ni mabovu.

"Karibuni! Shemeji mwongo, umekuja na wageni wa maana leo!"

Profesa akamsalimia vizuri, akauliza habari za nyumba, za mifugo, kisha akauliza kistaarabu kama tunaweza kuwaona kondoo wenye mifupa dhaifu.

"Kondoo wenye nini?"

"Wanaokunywa ile chemchemi nyeupe," Jypar akasaidia. "Wanaovunjika mbavu wakipiga chafya."

Dootaly aliweka ndoo chini. Uso wake ulianza kubadilika rangi kutoka shingoni.

"Nani kasema?"

Wote walinitazama, hata farasi.

"Kondoo wangu? Wangu mimi?" Milima ikarudisha: mimi, mimi. "Dume langu limempiga kichwa daktari wa mifugo akalala siku mbili, halafu wewe, wewe unayeogopa utumbo wa kuku, unakwenda mjini unasema kondoo wangu ni sukari? Dada yako alikulea vibaya! Toka hapo!"

Hakungoja. Alimkamata kondoo mmoja wa miaka miwili, akamchinja, akamchuna kwa muda ambao wewe ungefunga kamba za viatu. Akachomoa paja moja, akaliondoa nyama, mvuke bado unatoka, utelezi unamwagika kwenye vidole, nami nikageukia upande wa mlima. Akaweka mawe mawili, akalilaza paja juu yake, akasimama katikati na kilo zake zote. Halikuvunjika. Akaruka. Halikuvunjika. Akaruka tena, anarukia jina langu.

"Sukari, eh? Sukari, eh?"

Profesa aliinama akaligusa lile paja. "Mfupa mzuri sana," alisema kwa upole. "Jypar, mwanangu, huu ni mfupa mzuri sana." Na sauti yake ilikuwa ya msiba. Jypar alibaki amesimama na chupa zake. Hakuuliza chemchemi iko wapi.

Lakini mgeni ni mgeni. Dada yangu alipika, tukakaa mezani, na Dootaly akagawa nyama huku anapumua kwa hasira. Kwa umri wangu nikapewa lile paja la pili. Nilikuwa nimetapika mara nne, tumbo tupu, na mchuzi ulikuwa mzuri. Nikanywa mabakuli mawili. Nikatoa kisu. Nikala kama ninavyokula siku zote, kutoka kichwani kuja katikati, geuza, kwangua. Mfupa ukang'aa. Na mkono wangu, mimi nikiwa nafikiria uongo utakaonifaa wakati wa kurudi, ukatoa mfuko wa nailoni mfukoni, ukautikisa ufunguke, ukautumbukiza mfupa ndani na kuukunja vizuri pembeni.

Profesa aliweka bakuli lake chini.

"Kaka Kalmurza," akasema Profesa. "Huo unaupeleka wapi?"

Alinyoosha mkono. Nikampa. Aliufuta kwa shali yake, akapandisha miwani, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango. Juu ya mfupa kulikuwa na mistari ya kisu, myembamba, iliyolala upande mmoja kama nyasi baada ya upepo.

"Mistari hii nimeikuta chini ya darubini kwenye vipande vyako, Jypar. Nilidhani ni wewe ulikuwa unakwangua vibaya. Nilitaka kukugombeza." Akamgeukia dada yangu. "Nyama hii imechemka muda gani?"

"Saa tatu na kitu."

Profesa akatoka nje, sote nyuma yake. Akaulaza ule mfupa juu ya mawe yaleyale. "Bwana Dootaly, tafadhali."

Dootaly akapanda, akaruka mara moja. Pa! Vipande viwili, kingo zimekatika safi kama kigae.

"Nyuzi ziko wapi, Kaka Kalmurza?"

Miaka thelathini na mmoja kiti cha nyuma na sikuwahi kuulizwa swali. Na jibu nilikuwa nalo.

"Kwenye mchuzi."

"Na mchuzi uko wapi?"

"Nimeunywa."

Dootaly ndiye peke yake aliyecheka, kisha naye akaacha. Jypar hakulia. Alinitazama na midomo yake ikajikunja pembeni, pua ikapanda kidogo, na akarudi nyuma hatua moja. Uso ule niliujua. Ndio uso ninaouvaa mimi mlango wa jokofu unapofunguliwa.

"Uliniangalia nikiandika," alisema. "Uliniongezea chai."

Nilitaka kusema nina tumbo dogo, nina kinyaa cha kuzaliwa, mama yangu pia alikuwa hivyo. Nilisema, "Namba moja ni ya kweli."

"Namba moja!"

"Labda hizo nyingine," nikamwambia Profesa, "unaweza kuzitumia kama mifupa iliyochemshwa, mkalinganisha..."

"Zilichemka muda gani?" Jypar akauliza. "Ile ya harusi? Ile ya tohara? Sufuria gani, moto gani, kondoo wa umri gani? Unajua?"

Sikujua. Kwa hiyo miezi yake mitatu ilikuwa takataka, na wala si ya kutupia mbwa, maana mbwa angalau angeila.

Dootaly alitoza faini yake kwanza, palepale. Alinisukuma mpaka zizini, mavi mpaka kwenye vifundo, akanisimamisha mbele ya kondoo mia tatu, akaniamuru niwaombe radhi. Nikawaomba. "Kwa sauti! Wale wa nyuma hawajasikia!" Nikawaomba kwa sauti. Dume lile nililolisingizia chafya lilikuja likaninusa magoti, likageuka.

Profesa alitoza yake njiani, bila kugeuza shingo. Nitaandika barua kwa baraza, kwa mkono wangu na jina langu kamili, nieleze karamu moja moja. Nitaleta mapaja mapya arobaini kutoka machinjioni, siku ileile ya kuchinjwa, na nitayakwangua mbele ya darasa la mwaka wa kwanza, wajifunze. Jypar akiridhika na mfupa, unahesabiwa. Asiporidhika, nalipa mwingine.

Barua ilinichukua kurasa tano na niliiandika mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na mbwa mwitu. Baraza walimwachia Jypar mpaka majira ya vuli, kwa onyo, limeandikwa kwenye faili lake kwa wino mwekundu, lake yeye, si langu.

Leo ni Jumatatu ya tatu. Nimesimama kwenye beseni la maabara na aproni ngumu kama bati. Vijana ishirini na wawili wamenizunguka na vitambaa puani, watatu wamekimbilia chooni, mmoja ameshuka ghorofa ya pili na hajarudi. Ninashika paja namba kumi na tisa. Lina joto. Utando umenasa ukucha, ninauvuta, unarefuka, unatoa ile sauti. Shati langu limelowa kwapani na mgongoni, na kuna kitu kimeniingia ndani ya mkono wa shati kinateremka kuelekea kiwiko, sitaki kukijua.

Nilidhani nikisimulia kidogo watachangamka. "Vijana," nikasema, "mnaujua mwaka ule buu moja liliponitazama..."

"Kwangua, babu," Jypar akasema. Amesimama kando yangu bila kitambaa puani, ameinamisha uso karibu na beseni, ananusa. Aligusa mfupa kwa kidole kilichovaa glavu. "Hapa bado kuna utando. Na namba kumi na nane siipokei, umeiacha ikakauka. Utaleta mwingine."

Nikakwangua.